Kila Thamani Ina Mwenyewe: Kutafuta Chanzo Faili ya Usanifu Inapogoma

Unafungua skrini uliyoimaliza jana na kukuta kitufe kimeshuka. Nafasi kati yake na kisanduku cha maandishi ilikuwa pikseli 16, leo ni 20. Mkono unakwenda wenyewe kwenye kibodi: unaandika 16, skrini inakaa sawa, unaendelea na kazi. Kesho yake skrini nyingine tatu zina tatizo lilelile, na hukumbuki tena ni ipi uliyoirekebisha kwa mkono na ni ipi bado inafuata mfumo.

Faili nyingi za violesura huanza kuharibika hapo. Ile namba 20 ilikuwa imefungwa kwenye kigeu cha nafasi, yaani thamani yenye jina inayotumiwa mahali pengi, na mtu alikuwa amebadilisha kigeu hicho kwa sababu yake. Ulipoandika 16 juu yake, kigeu kilibanduka. Kwa macho kila kitu ni sawa, ila uzi umekatika, na siku kigeu kitakapobadilika tena skrini yako haitapata habari.

Kila namba na kila rangi ndani ya faili ina mwenyewe. Inaweza kuwa ya komponenti mama (kipande cha asili ambacho nakala zake hukifuata), ya kigeu, ya mtindo, ya fremu inayoizunguka, au ya mtu aliyeiandika kwa mkono akiwa na haraka. Tatizo linaonekana hapa, mwenye thamani yuko kule. Ndiyo maana katika dalili zote zinazofuata nitauliza swali hilohilo: thamani hii ni ya nani?

Mifano mingi ni ya Figma, programu ya kuchora violesura, kwa kuwa ndiyo ninayoshinda nayo kutwa. Sketch na Penpot zina majina yao na mipaka yao, lakini mantiki ya mama na nakala ni ileile.

Kabla ya kugusa chochote, fanya mambo mawili. Hifadhi toleo lenye jina: Ctrl+Alt+S kwenye Windows, Cmd+Option+S kwenye Mac. Historia hujihifadhi yenyewe, lakini toleo uliloliita "kabla ya kurekebisha vitufe" utalipata kwa sekunde tano, wakati la kujihifadhi utalitafuta kwa kubahatisha saa. Kisha nakili kipande chenye tatizo ukibandike kwenye ukurasa mtupu. Kasoro ikikifuata huko, mwenye thamani yumo ndani ya kipande. Ikitoweka, mwenyewe ni fremu iliyokuwa ikikizunguka. Jaribio hilo dogo hupunguza utafutaji kwa nusu, na watu wengi hulisahau.

Maktaba imebadilika, skrini hazibadiliki

Tatizo hili linakula saa nyingi kuliko mengine yote, kwa hiyo nitakaa nalo. Umebadilisha kona za kitufe kutoka 4 hadi 8 kwenye faili ya maktaba, yaani faili inayotunza komponenti zinazotumiwa na faili nyingine. Unarudi kwenye faili ya mradi, kona bado ni 4. Nimekutana na vyanzo vinne, nami huvikagua kwa kuanza na kilicho chepesi.

Labda hujachapisha. Kubadilisha komponenti ndani ya maktaba hakuzifikii faili nyingine mpaka ubonyeze kuchapisha. Angalia na jina pia: komponenti inayoanza na nukta au mstari wa chini haichapishwi kabisa. Alama hizo huwekwa makusudi ili kuficha vipande vya ndani, halafu miezi inapita, mtu mwingine anakuja kuhangaika kwa nini komponenti yake haionekani popote.

Labda umechapisha, ila faili ya mradi haijapokea. Sasisho halijiingizi lenyewe. Mtu mwenye ruhusa ya kuhariri lazima afungue arifa, apitie, akubali. Mimi naunga mkono utaratibu huu kwa moyo wote, kwani hakuna anayetaka skrini zake zibadilike akiwa katikati ya kuziwasilisha. Gharama yake ni kwamba faili ambayo haijafunguliwa kwa muda mrefu inabaki na sura ya zamani, na mtu akichukua picha ya skrini kutoka humo, sura ya zamani inaanza kusambaa upya.

Labda nakala ina badiliko la mkono. Mtu alishawahi kugusa kona za nakala ile moja kwa moja, na badiliko la namna hiyo hudumu hata mama akibadilika. Kulithibitisha ni rahisi: buruta nakala mpya kutoka maktaba na uiweke kando ya ile yenye kasoro. Mpya ikiwa na 8 na ya zamani 4, jibu umelipata. Irejeshe, lakini chagua sifa ya kona peke yake. Maandishi nayo ni badiliko la mkono, kwa hiyo ukirejesha kila kitu kwa mkupuo, "Endelea" na "Thibitisha" zote zitageuka kuwa "Kitufe".

Chanzo cha nne ndicho kilichonifundisha kazi hii. Nakala inaweza kuwa ya mama mwingine kabisa. Tuliwahi kurudufu faili ya maktaba ili tuisafishe bila kusumbua miradi inayoendelea. Tukasafisha, tukachapisha ile mpya, tukatangaza kwamba mambo yamekamilika. Kwa wiki kadhaa wasanifu waliendelea kulalamika kwamba marekebisho hayawafikii, nasi tukaendelea kuwajibu wakubali sasisho. Wao walikuwa sahihi. Unaporudufu faili, komponenti zilizomo ni mpya hata kama majina hayakubadilika herufi moja, na nakala zote kwenye miradi zinaendelea kumtii mama wa zamani. Maktaba ya zamani ilikuwa haiguswi tena na mtu, kwa hiyo hakukuwa na sasisho lolote la kukubali.

Kulitambua tatizo hili ni kazi ya sekunde chache ukijua pa kuangalia. Chagua nakala, fuata alama ya kwenda kwa komponenti mama, na usome jina la faili inayofunguka. Kama si maktaba uliyodhani, tumia huduma ya kubadilisha maktaba, ambayo inalinganisha komponenti kwa majina. Hapa ndipo mtu aliyekuwa akibadilisha majina kwa kupenda anapoona hasara yake: kila jina lisilolingana litabaki kwa mama wa zamani na utalihamisha kwa mkono. Siku hizi nikitaka kuhamisha komponenti iliyokwisha kuchapishwa kwenda faili nyingine, naikata na kuibandika kisha nachapisha faili zote mbili. Mambo ya kurudufu nimeachana nayo.

Ikoni inarudi kwenye rangi yake ya zamani

Ndani ya kitufe cheusi umeweka ikoni na kuipaka nyeupe. Unabadilisha ikoni ya kikapu kwa ikoni ya moyo, na moyo unatokea mweusi juu ya weusi. Unaupaka tena. Baada ya mara kumi unaanza kudhani programu ina hitilafu.

Fungua ikoni zote mbili utazame matabaka yake. Nina hakika utakuta kikapu kina tabaka linaloitwa "Vector 12" na moyo una "Union". Figma huhamisha badiliko la mkono kutoka ikoni moja hadi nyingine kwa kulinganisha majina ya matabaka. Majina yasipooana haijui weupe ulikuwa wa nani, hivyo inaurudisha moyo kwenye rangi ya kuzaliwa.

Dawa yake inachosha, lakini utaimeza mara moja tu. Kila ikoni iwe na tabaka moja la vekta, na tabaka hilo liitwe jina moja kwenye ikoni zote, hata likiwa "umbo". Mistari igeuzwe kuwa maumbo yaliyojazwa, vipande viunganishwe, kisha vibanwe kuwa kimoja. Toleo la asili lenye mistari inayoharirika liweke kwenye ukurasa wa pembeni, kwa sababu siku utakapotaka kubadilisha unene kutoka 1.5 hadi 2 hutaweza kuupata kutoka kwenye umbo lililokwisha kubanwa.

Ukiwa hapo hapo, maliza na kasoro tatu za ikoni zinazotokea kwa msanidi, yaani anayeandika msimbo. Ikoni zikifika na ukubwa usiolingana, yumkini ulichagua vekta iliyo ndani badala ya fremu yake ya 24 kwa 24 ulipoitoa kama SVG (faili ya michoro ya vekta). Faili ikatoka na kipimo cha 18 kwa 20, msanidi akaivuta kuwa 24, na moyo ukawa mnene kuliko kikapu. Ikoni yenye tundu ikijazwa tundu lake, ugomvi uko kwenye kanuni ya kujaza, ile inayoamua sehemu ipi ya umbo ipakwe rangi: umbo limechorwa kwa kanuni ya evenodd na linasomwa kwa nonzero. Android ilianza kuielewa evenodd kwenye vekta zake katika API 24 (Android 7.0), kwa hiyo kwenye simu za kabla ya hapo geuza mwelekeo wa njia ya ndani. Na ikoni ikikataa kubadilika rangi kwenye tovuti, fungua faili ya SVG kwa kihariri cha maandishi. Utakuta rangi imeandikwa humo kwa namba. Weka currentColor mahali pake, umiliki wa rangi urudi kwa maandishi yanayoizunguka.

Mpangilio unapasuka maandishi yakiwa marefu

Kadi ilikuwa nzuri na jina fupi. Umeweka jina refu, maandishi yametoka nje ya ukingo na kwenda zake.

Usianze na kadi, anza na maandishi yenyewe. Kisanduku cha maandishi kina hali tatu: upana unaojipima, urefu unaojipima, na kipimo kilichofungwa. Ukibonyeza T, ukabofya mara moja na kuandika, unapata hali ya kwanza, na katika hali hiyo maandishi hayana sababu ya kukunjika. Yatakwenda mstari mmoja hadi mwisho wa dunia. Yape amri ya kujaza upana wa mzazi na uache urefu ujipime.

Ukishayaambia yajaze, huenda ukaona fremu ya mzazi nayo imebadilika. Hapa wengi hupotea. Katika mpangilio otomatiki (Auto layout), mzazi anaweza kukumbatia watoto wake, yaani chaguo la Hug, na mtoto anaweza kujaza nafasi ya mzazi, yaani Fill. Hayo mawili kwa kawaida hayawezi kutokea kwa wakati mmoja katika mwelekeo mmoja. Mzazi anauliza, "Mtoto wangu ana upana gani?" na mtoto anajibu, "Upana wowote ulio nao wewe." Mazungumzo hayo hayana mwisho, kwa hiyo Figma inayakata kwa kumfungia mzazi kipimo alichokuwa nacho wakati huo. Ndiyo maana kadi iliyokuwa ikijipanua sasa imeganda kwenye 327 bila wewe kuiambia.

Panda basi ngazi moja moja kutoka kwa mtoto hadi fremu ya nje, ukiuliza kila ngazi nani anaamua upana. Lazima kuwe na mmoja tu aliyefungwa kipimo, mara nyingi fremu ya skrini, na wote walio chini yake kwenye mnyororo huo wajaze. Kwa urefu mambo hugeuka: wa ndani kabisa ndiye anayeamua na wa juu wote wanakumbatia. Ukilielewa hilo, robo tatu ya vituko vya mpangilio otomatiki vinakuwa wazi kwako. Ukitaka kadi isijipanue kupita kiasi, iwekee upana wa juu kabisa badala ya kuifunga.

Namba zenye desimali na mistari yenye ukungu

Desimali zina aina mbili, na ni moja tu inayohitaji kurekebishwa.

Chukua skrini yenye upana wa 375, nafasi ya 16 kila upande, na kadi nne zilizoachana kwa 16. Ondoa 32 za pembeni na 48 za katikati, inabaki 295. Gawanya kwa nne: kila kadi ina 73.75. Hiyo ni hesabu halali na kivinjari kitafanya hesabu hiyohiyo. Iache. Ukiandika 74 kwa mkono kila kadi, jumla inakuwa 376 na safu nzima inazidi skrini kwa pikseli moja. Kwenye skrini ya 360 hesabu hiyo inatoa 70 kamili, na ndiyo sababu mtu anayechora kwenye 360 hukuti analalamika.

Desimali mbaya ni ile isiyo na hesabu nyuma yake: X ni 112.37 kwa sababu mtu aliburuta, au urefu ni 43.2 kwa sababu mtu alitumia zana ya kukuza, K, badala ya kubadilisha ukubwa kwa zana ya kawaida, V. Zana ya K inazidisha kila kitu kilichomo, pamoja na unene wa mistari na ukubwa wa herufi, na ndiyo maana baadaye unakutana na fonti ya 14.4 ambayo haipo kwenye mfumo wako. Hizo zirudishe kwenye namba kamili na uwashe kunasa kwenye gridi ya pikseli.

Ukungu kwenye mstari wa pikseli moja, au kwenye ikoni iliyo katikati ya duara, mara nyingi ni suala la shufwa na witiri. Ikoni ya 24 ndani ya kisanduku cha 45 inaachiwa 10.5 kila upande, hivyo kila ukingo wake unagawanywa kati ya pikseli mbili na zote mbili zinatoka hafifu. Kisanduku cha 44 kinaiachia 10. Kosa ni la kisanduku, ikoni haina hatia.

Kama mnatumia mfumo wa vipimo vya 8, nenda kwenye mapendeleo ubadilishe hatua kubwa ya mishale (Shift pamoja na mshale) kutoka 10 kuwa 8. Ni badiliko la nusu dakika, nalo linazuia desimali na namba za ajabu kwa miaka.

Kilichojengwa hakifanani na kilichochorwa

Msanidi anasema amefuata vipimo vyote, wewe unaona kitu kingine. Nawaomba wasanifu wenzangu wasianze kwa kulaumu. Mara nyingi msanidi kweli amefuata vipimo, ila zana mbili zinahesabu tofauti.

Mfano ninaokutana nao zaidi ni kisanduku cha kuandikia. Figma inaonyesha urefu wa 48: kimo cha mstari 24, nafasi ya ndani 12 juu na 12 chini. Kivinjari kinaonyesha 50. Pikseli mbili zimetoka wapi? Ni ukingo. Kwenye mpangilio otomatiki, mstari wa ukingo kwa kawaida hauhesabiwi katika vipimo, unachorwa juu ya nafasi ya ndani. Katika CSS, lugha ya mitindo ya kurasa za wavuti, ukingo una nafasi yake: pikseli 1 juu na 1 chini zinaongezwa kwenye 48. Fungua mipangilio ya ziada ya mpangilio otomatiki, uchague ukingo uhesabiwe, na upunguze nafasi ya ndani kuwa 11. Sasa pande zote mbili zinasema 48, na kitufe kilicho kando ya kisanduku kinakaa nacho sambamba.

Mwachano wa herufi nao unaleta mkanganyiko kwa sababu Figma huuandika kwa asilimia. Asilimia -2 ni -0.02em (em moja ni ukubwa wa fonti), ambayo kwenye kichwa cha pikseli 32 ni -0.64. Msanidi akisoma haraka na kuandika pikseli -2, herufi zinabanana kama abiria.

Kimo cha mstari usikiache kwenye otomatiki. Otomatiki inachukua kipimo kutoka ndani ya fonti yenyewe, na fonti mbili zenye ukubwa mmoja hutoa vimo tofauti. Andika namba. Kwenye Android, maandishi ya TextView huongezewa nafasi juu na chini na sifa iitwayo includeFontPadding, kwa hiyo maandishi yakionekana yameshuka kidogo ndani ya kitufe, muulize msanidi kuhusu sifa hiyo kabla ya kusogeza chochote upande wako.

Rangi ikionekana kali zaidi upande mmoja huku namba ni ileile, angalia wasifu wa rangi wa faili. Figma ilianza kukubali Display P3, wasifu wenye rangi pana kuliko sRGB ya kawaida, mwaka 2023, na namba moja ya rangi ikisomwa kama P3 hutoka imekolea kuliko ikisomwa kama sRGB. Kubalianeni wasifu mmoja, kisha faili zote ziufuate.

Na fonti ikisemekana haipo wakati umeisakinisha: kivinjari kinahitaji programu ndogo ya fonti ya Figma ili kuona fonti za kompyuta yako. Kama ipo tayari, soma jina la uzito. "SemiBold" na "Semi Bold" kwa macho yako ni kitu kimoja, kwa Figma ni viwili.

Mandhari meusi yamebadilisha nusu ya skrini

Umebadilisha modi ya fremu kuwa nyeusi. Usuli umekuwa mweusi, kadi tatu zimefuata, ya nne imebaki nyeupe na maandishi yake hayasomeki.

Bofya ile kadi ya nne na usome rangi yake imeandikwaje. Ukikuta namba tupu kama #FFFFFF, mwenyewe ni mtu aliyeandika kwa mkono. Ukikuta jina kama "kijivu-50", imefungwa kwenye rangi ghafi, na rangi ghafi haina sababu ya kubadilika: kijivu-50 ni kijivu-50 mchana na usiku. Kinachobadilika ni tokeni yenye maana, yaani kigeu chenye jina la kazi yake, kwa mfano "usuli-kadi", ambayo mchana inaelekeza kijivu-50 na usiku inaelekeza kijivu-900. Ukikuta jina ni sahihi na bado haibadiliki, angalia kama fremu ya kadi hiyo imewekewa modi yake yenyewe. Modi iliyowekwa ndani inashinda ile ya nje, na watu huiacha hapo baada ya kujaribu kitu.

Skrini zikiwa nyingi, kubofya moja moja hakufai. Rudufu maktaba ya tokeni kwa majaribio tu, upe tokeni zote zenye maana rangi ya waridi kali, kisha uielekeze nakala ya faili ya mradi kwenye maktaba hiyo. Kila kisichogeuka waridi hakina mwenye halali. Nimeliona jaribio hili likifichua kwa dakika kumi kile ambacho ukaguzi wa macho ulikikosa kwa siku mbili, na sijui njia ya haraka zaidi.

Jambo la usomekaji liko hapa pia. WCAG (miongozo ya ufikivu wa wavuti) inataka utofautishaji wa 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Kijivu #767676 juu ya nyeupe kinapata 4.54, kinapita. #777777, ambacho jicho haliwezi kukitenga nacho, kinapata 4.48 na kinaanguka. Lakini tatizo la kweli huja baadaye: tokeni ya maandishi hafifu ilipimwa juu ya nyeupe, halafu mtu akaitumia juu ya kadi ya #F5F5F5, ambako #767676 ileile inashuka hadi karibu 4.2. Usiirekebishe kwenye skrini ile moja. Tia giza tokeni yenyewe, uipime juu ya usuli wenye giza kuliko wote unaoruhusiwa kuibeba, na uandike usuli huo kwenye maelezo ya tokeni.

Faili nzito, na mfano usiotembea

Haya mawili ni mafupi. Faili ikiwa nzito, tafuta kwanza matabaka yaliyofichwa: kufichwa hakuyaondoi kwenye kumbukumbu. Kisha picha. Figma inapunguza picha ambayo upande wake unazidi pikseli 4096, lakini picha ya 4000 ndani ya duara la 40 bado ni mzigo, na orodha yenye watu hamsini ina hamsini za hivyo. Michoro ya zamani ihamishie faili nyingine ya kuhifadhia.

Mfano, yaani prototype ya kubofya, ukiruka kutoka skrini moja hadi nyingine badala ya kuhuishwa taratibu, linganisha majina na ngazi za matabaka kwenye skrini zote mbili, kwa kuwa uhuishaji huo (Smart Animate) unatambua vitu kwa hayo. Fremu ya ndani ya mfano ikikataa kusogezwa kwa kidole, mara nyingi maudhui hayajaizidi: umeivuta fremu yenyewe hadi chini. Ifupishe, uiache ikate kinachozidi, na uiwekee usogezaji wa wima.

Watu wanatenganisha komponenti

Dalili hii ndiyo ninayoijali kuliko zote, na ndiyo inayotibiwa vibaya zaidi. Unafungua faili ya mwenzako na kukuta vitufe ambavyo zamani vilikuwa nakala, sasa ni fremu za kawaida zisizo na mama. Jibu la kwanza huwa ni kutuma ujumbe kwa timu nzima: tafadhali msitenganishe komponenti. Ujumbe huo hausaidii. Mtu aliyetenganisha alikuwa na kazi ya kumaliza na komponenti ikamkatalia, kwa hiyo mwenye tatizo ni komponenti.

Mwendee, kaa naye, mwombe akuonyeshe alichokuwa anatafuta. Majibu nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba karibu nayajua. Alitaka ikoni kulia na kulikuwa na ya kushoto tu. Alitaka kuweka kitu katikati ya kadi ambacho aliyeitengeneza hakukifikiria. Au, na hili ni la kawaida zaidi, kibadala (toleo mojawapo la komponenti) alichokitaka kilikuwepo ila hakukiona kati ya vingine mia mbili.

Piga hesabu ya kitufe: aina nne, saizi tatu, hali tano, na namna nne za ikoni, yaani hakuna, kushoto, kulia, pande zote. Nne mara tatu mara tano mara nne ni vibadala 240. Hakuna anayeweza kuvitunza, na ukibadilisha nafasi ya ndani kwenye kimoja utasahau kingine. Tangu mwaka 2022 Figma ina sifa za komponenti, hivyo ikoni ya kushoto na ya kulia zinaweza kuwa swichi mbili za kuwasha na kuzima. Vibadala vinabaki 60. Sifa ya kubadilisha nakala ya ndani inampa mtumiaji aamue ni ikoni ipi, bila wewe kuichora mapema.

Kwa kadi, weka tundu: komponenti ndogo tupu katikati, yenye ukingo wa vitone, ambayo mtumiaji anaibadilisha kwa kitu chochote alichokitengeneza mwenyewe. Kadi inaendelea kumiliki ukingo, kona na kivuli, na mtumiaji anamiliki kilichomo. Kila mmoja ana chake, na sababu ya kutenganisha inaondoka.

Zitabaki nyakati ambazo mtu atalazimika kutenganisha, na nisingependa azifiche. Kwenye maktaba yetu tuna ukurasa mmoja ambapo anayetenganisha anabandika alichotengeneza, na chini yake anaandika sentensi moja: nilihitaji nini ambacho hakikuwepo. Kila Ijumaa naufungua. Hitaji moja likitokea mara tatu kutoka kwa watu tofauti, Jumatatu naanza kulijenga ndani ya komponenti.